Mahali Nilipolamba Sahani

Mjukuu wangu alinipigia simu kutoka Bugarama, anakofanya kazi. Alikuwa anajiandaa kwenda Shinyanga mjini kwenye harusi ya rafiki yake, na alitaka kujua jambo moja tu.

"Bibi, wewe ndiye mwenyeji wa kule. Harusi ikiisha niende wapi nikale vitu vitamu? Usinitajie keki. Keki hata huku zipo."

Nilikuwa kibarazani kwangu hapa Chato, nachambua dagaa. Nikaanza kumwelekeza bila kufikiri. Ukitoka stesheni ya reli, nikamwambia, fuata mkono wa kulia mpaka dukani kwa Bi Shamsa, penye halua. Kisha nenda nyuma ya kanisa, kwa mke wa katekista, ukale maandazi na asali. Halafu shuka sokoni, upande wa wauza karanga, pua yako itakuongoza kwa Mama Hadija.

"Bibi," akanikatiza, "hao watu wapo kweli?"

 Hawapo. Wote wametangulia mbele za haki, na nyumba zao zimejengwa upya na watu nisiowajua. Nikamwambia awaulize vijana wa stendi, watamwonyesha. Simu ilipokatika sikuweza kuendelea na dagaa. Kuku walikuja wakajichukulia, nami nikawatazama tu.

Nyinyi wa rika langu mliokulia vijijini mnajua utamu wetu ulikuwa nini. Ulikuwa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani, ukivitafuna mpaka taya zinachoka. Ulikuwa muwa, kama mvua imenyesha vizuri. Sukari yenyewe ilikuwa ya mgonjwa na ya mgeni. Kwa hiyo mama alipoanza kunipeleka mjini, tukipanda juu ya marobota ya pamba kwenye lori, na kila tukifika ananipitisha kwenye nyumba zenye vitu vitamu, niliamini kwamba ghafla alikuwa amenipenda kuliko watoto wote wa kijiji. Niliwatambia wenzangu. Niliwaambia mama yangu ananipeleka mjini kula sukari.

Ukweli wenyewe nauandika mapema, ili msomaji asipapase kama nilivyopapasa mimi. Mama alikuwa mgonjwa wa kifua. Alijua kwamba hataishi, na alikuwa anatafuta nyumba ya kuniacha.

Baba alikwenda kuchimba dhahabu kwenye mapori ya Geita nikiwa bado nabebwa mgongoni. Duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, lilimfukia huko huko. Hakuwa ametoa ng'ombe wa mahari, kwa hiyo kwa mila yetu nilikuwa mtoto wa ujombani. Mjomba Shija, kaka yake mama, alikuwa na boma kubwa la ng'ombe upande wa Mwakitolyo, na asingekataa kunipokea. Lakini bomani kwake wasichana waliolewa kabla hawajamaliza shule. Mama alitaka nisome, na alitaka nikue kanisani. Hayo mawili aliyashikilia kama mtu aliyeshika kamba kisimani.

Hakuniambia lolote. Nadhani hakupata maneno ya kumwambia mtoto wa umri ule. Badala yake alitumia kipimo kingine, nacho ni cha kwetu.

Bibi, mama yake mama, alikuwa amenifunza adabu ya kula. Ukiwa kwenye nyumba ya watu, usimalize. Bakiza kipande, hata kama njaa inakukereketa, ili wenyeji wajue umeshiba na hukuja kwa ulafi. Sahani ya nyumbani kwako ndiyo unayoifuta kwa kidole na kukilamba. "Nyumba ya watu hailambwi," bibi alikuwa akisema, na mkono wake ulikuwa mwepesi kwa aliyesahau. Adabu hiyo iliniingia mpaka nikawa siifikirii tena. Mama alijua. Kwa hiyo alinipeleka mjini, akawaacha wanawake waninyooshee sahani, naye akawa anatazama sahani tu.

Kwa Bi Shamsa kulikuwa na chupa kubwa za vioo zimejaa pipi za rangi, na halua katika vikapu vidogo vya ukili, nyekundu iliyoiva, inang'aa mafuta. Alinikatia kipande akaniwekea kwenye kisahani cha kaure chenye maua. Niliogopa hata kukigusa. Bi Shamsa alinitazama mikono, akanigeuza, akamwuliza mama, "Anajua kufua huyu?" Mama akajibu kwamba najua kidogo. Nilikula nusu ya halua, nikabakiza nusu. Utamu ule niliuota usiku.

Kwa mke wa katekista, Mama Yohana, kulikuwa na maandazi manene na asali ya porini katika bakuli la udongo. Ilikuwa nyumba safi, picha ya Moyo Mtakatifu ukutani, watoto wamekaa kwenye mkeka kwa mpangilio wa vimo vyao. Tulisali kabla ya kula, na tukasali tena baada ya kula. Mama alitabasamu muda wote. Sasa najua kwamba alitamani iwe pale. Alikohoa ndani ya kanga, akaikunja haraka, akasema, "Kula, Minza, kula vizuri." Nilikula vizuri. Nikabakiza kipande cha andazi chenye asali juu yake, nikakisogeza pembeni mwa sahani kama nilivyofunzwa. Tabasamu la mama likapungua. Nilidhani anaumwa.

Kwa Mama Hadija hatukukusudia kwenda. Tulikuwa tunakatiza soko kurudi kwenye lori, kifua kikambana mama, akaketi kwenye kizingiti cha uani kwa mtu asiyemjua. Ndani ya ua ule mwanamke mnene alikuwa anapika kashata. Sukari ilikuwa inaungua polepole katika sufuria mpaka ikawa rangi ya udongo wa mvua ya kwanza. Akamwaga karanga zilizokaangwa, akatia iliki, akapindua vyote juu ya ubao uliopakwa mafuta, akaanza kuvisukuma kwa chupa huku anapiga kelele kana kwamba kashata itamkimbia.

"Karibu, mama, karibu! Usijibu, nikigeuka tu hii inakuwa jiwe. Mtoto, mpe mama yako maji pale kwenye mtungi. Siyo kata hiyo, hiyo ya kuku!"

Alikata kashata kwa kisu, haraka, pande za msharazi. Vile vipande vya pembeni vilivyovunjika na visivyouzika alivikusanya kwenye sahani ya bati, akanisukumia bila kunitazama. "Haya, malipo ya maji."

Sijui nilikula vipi. Nakumbuka joto lake, karanga zikipasuka, iliki ikinipanda puani. Nakumbuka kwamba nilijisahau. Nilipozinduka kidole changu kilikuwa kinazunguka kwenye bati, na ulimi unafuata kidole.

Nilimtazama mama. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Minza," akasema. "Umelamba."

"Mwache, mama," Mama Hadija akacheka. "Bati langu limeoshwa bure, nawe unanililia? Kuacha sukari ndiyo adabu gani? Hiyo ni dhambi."

"Nyumbani anafunzwa," mama akasema taratibu. "Nyumba ya watu hailambwi."

"Basi hapa si kwa watu."

Aliyasema kwa utani, mikono yake imejaa mafuta. Lakini mama hakucheka. Alimwuliza mwanamke yule jina. Akaambiwa anaitwa Mama Hadija, ametokea Tabora, na kwamba huyo Hadija alifariki akiwa mchanga, Mungu hakumpa mwingine.

Mimi nilisikia jambo moja tu, kwamba nimemwaibisha mama mpaka akalia mbele ya mtu. Juu ya lori aliniuliza, "Kati ya kote tulikopita, wapi ulipapenda zaidi?" Nikajibu haraka, nikitaka kumfurahisha, "Kwa Bi Shamsa, kwenye kisahani cha maua."  Alinivutia kifuani kwake, penye ule mkoromo, tukaenda hivyo mpaka nyumbani.

Safari iliyofuata nguo zangu zilikuwa kwenye kifurushi. Hatukupita kwa Bi Shamsa wala nyuma ya kanisa. Mama alizungumza na Mama Hadija uani, nami nimekaa nje na paka. Maneno yao nilikuja kuyasikia baadaye sana, kutoka kinywani mwa Mama Hadija mwenyewe. Mama alimwambia anataka nini, na kinachomzuia ni kitu gani: yeye ni Mkristo na mtoto amebatizwa. Mama Hadija akajibu, "Kusali kwenu sikujui, na sitajifanya najua. Lakini Jumapili nitamfikisha mlangoni kaoga, kavaa, kashiba. Humo ndani mtamfundisha wenyewe. Nikishindwa, Mungu ni mmoja, ataniuliza."

Mama akatoka akanishika uso kwa mikono miwili. "Utakaa hapa na mama yako huyu. Mimi nakwenda hospitali."

"Utarudi lini?"

"Msikilize. Usome."

Alienda zake akiwa ameshika ukuta. Nami nikabaki pale na hesabu yangu ya kitoto, ambayo haikuwa na kosa hata moja isipokuwa kwamba yote ilikuwa ya uongo. Nililamba sahani. Mama alilia. Sasa ameniacha katika nyumba ile ile niliyoilamba. Nani asingeelewa? Niliadhibiwa kwa ulafi.

Habari ya kifo chake ililetwa na dereva wa lori la pamba. Tulipofika kijijini kaburi lilikuwa limeshafukiwa, wanawake wamekaa, bibi anaimba wimbo wa kilio kwa sauti isiyo na nguvu. Sikulia. Nilisimama nikitazama udongo mbichi. Nilisikia mtu akisema mtoto huyu ana moyo mgumu. Haukuwa mgumu. Nilikuwa najiuliza mtu aliyekutupa unamlilia vipi, na je, una haki?

Tuliporudi mjini nikawa mtoto mwenye adabu kuliko wote wa mtaa ule. Nilifagia kabla sijaambiwa. Kila asubuhi nilipiga goti nikasema shikamoo, na sikuwahi kumwita mama. Na kila sahani niliyopewa, nilibakiza. Ugali, wali wa Idi, visheti, uji, vyote nilibakiza.  Mama Hadija aliichukua sahani, akakitazama kile kipande, akakimimina kwa kuku. Jumapili alinifikisha kanisani kama alivyoahidi. Siku hiyo ndiyo wateja walikuwa wengi sokoni, lakini yeye alikaa nje karibu na baiskeli za waumini, amejitanda kanga, mpaka misa inaisha. Watu wa kwao walimcheka, na baadhi ya watu wetu pia. "Leo umebatizwa?" walimtania. "Bado," alijibu, "nasubiri maji yapate moto."

Nilifunzwa katekisimu na baadaye maisha yangu yote nimewafunza wengine. Lakini nikitaka kuwaeleza watoto maana ya kungoja kwa uvumilivu, picha inayonijia ni ya mwanamke wa dini nyingine aliyekaa karibu na baiskeli.

Mavuno yalipokwisha, Mjomba Shija akaja. Aliingia uani na fimbo yake ya ng'ombe, vumbi limempaka mpaka magotini, kwa kuwa alikuja kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na aibu. Bomani kwake watu walikuwa wanamwuliza imekuwaje damu yake inalelewa na muuza kashata, mgeni wa kabila na wa dini, kana kwamba ng'ombe wake hawana maziwa.

"Wabeja, mama," akamshukuru Mama Hadija kwa Kisukuma, hata kabla hajaketi. "Umetusaidia. Sasa nimekuja kumchukua mwanangu."

Mama Hadija alikuwa ametoka kubandika sufuria ya sukari motoni. Aliweka mwiko chini. "Mama yake alimleta hapa kwa hiari yake."

"Mgonjwa. Mgonjwa hushika chochote."

"Alichagua, baba. Alizunguka mji huu akachagua."

"Wewe unasema. Yeye amelala. Atasema nani mwingine?"

Mama Hadija hakubishana zaidi. Alileta chai, akaleta visheti katika sahani mbili za bati, moja ya mjomba, moja yangu. Chai ikamwagikia sinia. Mjomba hakugusa yake. Aliegemeza kidevu kwenye fimbo, akaitazama sahani yangu. Alikuwa mtoto wa bibi yule yule. Kidole chake kilichapwa na mkono ule ule.

Nilikula polepole. Vilikuwa bado na joto, vimevikwa sukari. Nilitaka kubaki. Kwa mara ya kwanza nilijua hivyo. Nilitaka soko, shule, paka, na mwanamke huyu mwenye kelele. Na kwa kuwa nilitaka kubaki, nilifanya kitu pekee nilichoamini kwamba kitanisaidia nisiachwe. Nilikula kwa adabu kuliko siku zote. Kisha nikabakiza kisheti kizima pembeni mwa sahani, nikaisukuma mbele.

Mjomba akashusha pumzi.

"Mama," akasema, wala hakusema kwa majivuno. "Umeniambia hapa ni kwake. Sahani inasema ni mgeni. Miezi yote hii, bado mgeni. Mtoto, lete nguo zako."

 Mama Hadija alikuwa ameviona vile vipande kila siku, na sasa nikaona usoni mwake kwamba hata yeye aliamini. Aliamini kwamba sikumtaka. Aligeuka kuelekea mlango wa chumba, kwenda kunichukulia nguo mwenyewe.

Ndipo nikapiga kelele. Sikuipanga. "Nikimaliza nitaachwa tena!"

Wote wawili wakasimama.

"Nini?" mjomba akauliza.

"Nililamba. Mama akaniacha. Sitalamba tena, mjomba, nina adabu sasa, kila siku nabakiza, mwulize."

"Nani alikuambia mama yako alikuacha kwa kulamba?"

"Hakuna. Nilimwona analia."

Mama Hadija akaketi pale pale chini, kwenye majivu na maganda ya karanga. Akanivuta. Mikono yake ilikuwa inanuka iliki. "Minza. Ee Mungu wangu. Minza, sikiliza. Unajua mama yako alikukabidhi kwangu kwa maneno gani? Alisema, 'Kwingine kote mwanangu amebakiza. Kwako amelamba. Nimemzungusha mji mzima namtafutia mahali atakapolamba.' Alilia kwa sababu alikuwa amepapata, mwanangu. Na alijua kwamba akipapata, safari zimekwisha."

Mjomba Shija alivua kofia. Alikaa nayo mapajani, akiigeuzageuza. Alimjua dada yake. Alijua kwamba maneno yale yasingeweza kubuniwa na mtu wa Tabora. Akanyoosha mkono kwenye sahani yangu, akakichukua kile kisheti nilichobakiza, akakila. Alikitafuna taratibu, machozi yanaingia kwenye ndevu. Kisha akaifuta sahani kwa kidole chake kikubwa chenye ufa, akakilamba.

"Nimemmalizia," akasema. "Hapa hapana mgeni." Akachukua fimbo yake. Mlangoni akageuka kumwambia Mama Hadija, "Nikija tena nitaleta maziwa." Akaondoka, jua likiwa linaelekea kuzama.

Mimi nilikuwa bado pajani kwa Mama Hadija.  Mama alinipenda. Alinizungusha mji mzima kwenye lori, anakohoa, anatazama sahani. Nami nilisimama kaburini kwake na macho makavu. Nililia hata sikuisikia sauti yangu. Mama Hadija hakuninyamazisha. Hakuniambia basi, hakuniambia mama yupo mbinguni. Alinishika tu, akasema, "Lia. Umechelewa, lakini lia."

Sukari iliyokuwa motoni tukaisahau. Iliiva, ikapita kuiva, ikaungua. Moshi mchungu mweusi ukajaza ua, ukaruka ukuta, ukaingia kwa majirani. Wakaja mbio, wanawake wa soko, mmoja na ndoo ya maji, mwingine na mchanga kwenye ungo.

"Mama Hadija! Kuna nini kinaungua?"

Hakuinuka. Kanga yake ilikuwa imelowa kwa machozi yangu. "Tuna msiba," akawaambia. "Mama yake Minza amefariki leo."

Wanawake wale walijua mama alizikwa lini. Walitazamana. Mmoja akaepua sufuria motoni, akaiweka kando. Kisha wakavua ndala mlangoni, wakaingia mmoja mmoja, wakaketi chini pamoja nasi.